Sufuria ya Nakijwa na Jina la Mwanawe

Nikiita, itikeni. Asiyeitika leo nitainuka hapa nilipokaa, nimfuate mpaka alipo, nimguse bega nione kama yu mzima. Mnacheka. Chekeni tu, lakini tukifika mwisho mtajua kwa nini nimeanza kwa kuwatisha. Haya, mmeamka? Vizuri, nimewasikia. Twendeni.

Palikuwa na kijiji milimani kiitwacho Masheko, penye baridi ya kumfanya mtu akumbatie kikombe cha uji kabla hajakinywa. Katika kijiji hicho waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na jambo moja dogo alilolifanya kila siku, na kila mmoja alichekwa kwa jambo hilo. Wako watu wamezaliwa na kipaji cha kuimba, wako waliozaliwa na mkono wa kutibu. Hawa watatu hawakujaliwa chochote cha kusimuliwa ngomani. Walijaliwa kutokuacha, basi.

Wa kwanza alikuwa Bi Nambike, na kipaji chake kilikuwa sauti. Magoti yalikuwa yamemkataa zamani, akawa mtu wa kukaa kizingitini, lakini sauti yake ilivuka bonde bila kumwomba mtu njia. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, aliita nyumba za Masheko moja baada ya nyingine. "Nyumba ya fulani, kumekucha?" Hakuhamia nyumba ya pili mpaka ya kwanza imwitikie. Watu walimwita jogoo wa kijiji. Wengine walisema anatafuta umbea, na tuseme kweli, hilo halikuwa uongo mtupu. Bi Nambike alipenda kujua nani kaamka na nani kalala na kinyongo.

Wa pili alikuwa Sekiete, na kipaji chake kilikuwa mikono. Huyu alikuwa mgane asiye na mtoto. Mkewe aliteleza kwenye njia ya zamani, ile inayoshuka ubavuni mwa korongo na kupanda ng'ambo, akaanguka, na tangu siku hiyo watu waliiacha njia hiyo wakawa wanazunguka kwa njia kubwa ya chini. Sekiete hakuiacha. Kila siku akitoka shamba alipitia huko na jembe lake, akachonga ngazi moja kwenye udongo, au akapanga jiwe, au akafyeka nyasi palipoanza kufunga. Njia haina mpitaji, lakini safi kama ua wa bibi harusi. Watoto waliimba kwamba Sekiete anawalimia nyani barabara.

Wa tatu alikuwa Naetwe, na kipaji chake kilikuwa moto. Moto wa jiko lake haukuwahi kuzimika tangu enzi za bibi yake. Kila alipotaka kutoka nyumbani alifukia kwanza makaa kwa majivu, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto, na hakuna dharura iliyomtoa nje kabla hajamaliza. Tena kila aliporudi na mzigo wa kuni alichomoa ukuni mmoja na kuuweka darini juu ya jiko. Ukimwuliza wa nini, alijibu kwamba huo ni wa mwenzake. Mwenzako yupi? Hapo aligeukia jiko lake. Naetwe hakuwa na mume wala mtoto, na waliopita jikoni mwake waliitazama dari ile iliyojaa kuni kavu wakatikisa vichwa.

Sasa huyu ndiye mwenye hadithi. Aliitwa Nakijwa, na aliolewa Masheko akitokea upande wa pili wa mlima. Nyumba ya mumewe, Mbonea, ilikuwa ng'ambo ya korongo, ya mwisho kabisa, peke yake. Mbonea alikuwa ameshuka tambarare kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na Nakijwa akabaki na mimba yake na ukimya wake. Ukimya aliupenda. Kwao watu hawaitani mabondeni. Mama yake alimfundisha kwamba mtu anayeita watu kabla jua halijachomoza huita na yasiyo watu, na Nakijwa aliyashika mafundisho hayo kama alivyoshika mwiko.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza Bi Nambike alipoita, "Nyumba ya Nakijwa, kumekucha?" bibi harusi alijifunika shuka gubigubi. Bi Nambike akaita tena. Akaita mpaka mbwa wakaanza kubweka. Na kwa kuwa hakuhama nyumba mpaka aitikiwe, kijiji kizima kikakwama, watu wamesimama na majembe mabegani wakingoja zamu zao za kuitwa. Mwishowe mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka bondeni, akamsihi Nakijwa aitikie ili na wao wapate kwenda shamba.

Nakijwa aliinuka amefura. Kufungua kinywa hakutaka. Alishika mwiko, akaipiga sufuria iliyotundikwa kando ya mlango. Pigo moja tu. Ngwe!

Ng'ambo kule Bi Nambike akacheka. Akatangaza kwamba nyumba ya Nakijwa imeamka na hasira zake, Mungu amzidishie, kisha akahamia nyumba nyingine.

Ikawa ndivyo hivyo. Kila asubuhi Bi Nambike anaita, kila asubuhi Nakijwa anaipiga sufuria pigo moja la kumfukuza. Hakuwahi kusema neno. Siku moja alikutana na Naetwe kisimani, akamlalamikia kwamba hajapata kuona kijiji ambacho mtu hawezi hata kulala na uchovu wake. Naetwe akamsikiliza tu, akamtwisha ndoo, akaenda zake.

Masika yakaingia, na mwaka huo yaliingia kwa nguvu. Mvua ilinyesha mpaka viberiti vikalowa ndani ya masanduku, ukisugua kijiti kinatoa unga badala ya cheche. Ukungu ukalala juu ya Masheko, usiweze kuona nyumba ya jirani wala moshi wake. Asubuhi moja, mwanga ndio kwanza unapambazuka, udongo ukaporomoka upande wa chini. Ukabeba njia kubwa, ukabeba na zizi la mbuzi la watu. Kijiji kizima kikakimbilia huko kuchimbua mifugo. Upande huu wa korongo walibaki watatu tu. Bi Nambike alibaki kwa ajili ya magoti. Sekiete alibaki kwa homa, yuko kitandani anatetemeka chini ya mablanketi. Naetwe alibaki kwa kuwa alikuwa hajamaliza kufukia makaa yake.

Asubuhi hiyo hiyo, uchungu ulimshika Nakijwa, na siku zake zilikuwa bado. Ulimshika ghafla, akiwa anatoka kitandani, na kabla hajaufikia mlango mtoto alikuwa ameshakuja. Msichana. Alizaliwa juu ya sakafu ya udongo, mdogo, wa baridi, asiyelia. Nakijwa alimvuta kifuani akamfunika kwa khanga aliyoivaa. Jiko lilikuwa limezima tangu jana. Damu ilikuwa ikimtoka na nguvu zikimwacha, na alipojaribu kuinuka miguu haikumsikia.

Ndipo sauti ikavuka ukungu.

"Nyumba ya Nakijwa, kumekucha?"

Nakijwa alifungua kinywa. Hakikutoka kitu, pumzi tu. Akaitazama sufuria. Ilikuwa palepale kando ya mlango, na mwiko umechomekwa juu yake, na ilikuwa mbali naye kuliko tambarare. Sauti ikaita mara ya pili. Alijikokota kidogo, akaishia hapo. Ikaita mara ya tatu, na mara hii ilikuwa na kitu ndani yake ambacho Nakijwa hakuwahi kukisikia katika asubuhi zote zile. Ilikuwa na hofu.

Kisha ikanyamaza.

Nakijwa alilala pale na mwanawe wa baridi kifuani, akasikiliza ule ukimya aliokuwa akiutamani tangu aolewe. Sasa ameupata. Akalia, kwa sababu alijua kwamba Bi Nambike amechoka kumwita na amehamia nyumba nyingine, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfundisha kuchoka.

Lakini Bi Nambike hakuhama nyumba. Alikuwa amegeuza sauti upande wa chini, kwa jirani yake, na aliita jina la Naetwe kwa namna ambayo hata Sekiete katika homa yake aliisikia akaketi kitandani.

"Naetwe! Sufuria ya Nakijwa haijalia!"

Hakusema zaidi ya hayo, wala hakukuwa na haja. Naetwe alikuwa ndio anatupia majivu ya mwisho. Akayafukua tena yale makaa, akayatia kwenye kigae na majivu yake, akashusha mzigo wa kuni kutoka darini akaufunga mgongoni kwa khanga, akatoka. Njia kubwa haikuwapo. Mbele yake palikuwa na ukungu mtupu na korongo lenye kina cha kumeza nyumba. Akaikumbuka njia ya nyani, ile ya Sekiete. Akaweka mguu, akakuta ngazi. Akaweka mwingine, akakuta jiwe limekaa imara. Hakuona hata vidole vyake, lakini kila alipokanyaga palikuwa pametayarishwa, na kila alipopapasa ukingo kwa mguu palikuwa pamefyekwa. Baadaye alikuwa akisema kwamba alihisi kama kuna mtu anamshika kifundo cha mguu na kukiweka mahali pake. Alivuka korongo lile akiwa na moto mikononi, mvua inanyesha, na hakuteleza hata mara moja.

Alipousukuma mlango alimkuta Nakijwa yu macho bado. Alipuliza makaa, akapanga kuni kavu juu yake, kuni zilizokaa darini miaka na miaka, na moto ukawaka papo hapo kana kwamba ulikuwa ukingojewa. Akachemsha maji. Akamkanda mtoto mbele ya moto, mgongo, kifua, nyayo, akamgeuza, akamkanda tena. Nyumba ikajaa joto. Kisha yule mtoto akakunja uso kama mzee aliyeudhiwa, akalia.

Kilio kile kilitoka nje ya mlango, kikavuka korongo, kikamfikia Bi Nambike kizingitini pake. Husemwa kwamba hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza ambayo Bi Nambike aliitikia badala ya kuita.

Mkunga alifika mchana, baada ya watu kurudi kutoka kwenye maporomoko, naye alipita njia ya Sekiete. Alimtibu Nakijwa mpaka damu ikakoma. Alipokuwa akiondoka alimshika mkono, akamwambia bila kumficha kwamba ashukuru kwa huyu, maana tumbo lake huenda lisibebe mwingine.

Sasa sikilizeni desturi ya Masheko, kwa sababu hapa ndipo mzigo wenyewe ulipo. Mtoto akiokolewa na mtu, hupewa jina la mtu huyo, mwanamume au mwanamke ni mamoja, kwani jina kwao halivai nguo. Wawili hao huitwa somo na somo yake. Yule mtoto atamchotea somo yake maji, atamwuguza akiugua, na siku ya kumzika atatupa udongo wa kwanza. Jina linaendelea kuitwa mabondeni, na mtu anayeitwa hajafa. Lakini asiyepata somo huzikwa na jina lake. Haliitwi tena.

Na jina ni moja. Majina mawili hayakubaliwi, kwani wanasema mtoto wa majina mawili huitika nusu nusu. Siku ya kumtoa mtoto nje, mama husimama kizingitini jua likichomoza, huliita jina mara moja kuelekea bondeni, na mwenye jina huitikia. Likishaitwa halirudi. Mbonea alituma salamu kutoka mkongeni kwamba jina achague mkewe, kwani yeye ndiye aliyekuwapo.

Kijiji kiligawanyika kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Wako waliosema ni Bi Nambike, maana pasipo mwito hakuna mwendo, na Naetwe angemaliza kufukia makaa yake akakimbilia kwenye mbuzi pamoja na wengine. Wako waliosema ni Sekiete, maana mwito bila njia ni kelele, na Naetwe angeishia chini ya korongo na kigae chake. Wako waliosema ni Naetwe, maana ndiye aliyefika, na angefika mikono mitupu angekuta mtoto wa baridi na kumwachia mama baridi ile ile. Walibishana kisimani, wakabishana shambani, wanandoa wawili wakalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, kwa sababu ya jina la mtoto asiye wao.

Nakijwa hakubishana na mtu. Alipopata nguvu alimfunga mwanawe mgongoni, akaenda kwa mguu wake, nyumba kwa nyumba. Alitaka kumwuliza kila mmoja swali moja, kwa nini alikuwa akifanya alichokifanya.

Alianzia kwa Sekiete, na ili kufika kwake ilibidi apite ile njia. Hakuwa ameipita kabla ya hapo. Alikanyaga ngazi ya kwanza, ya pili, akaendelea, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyopunguza mwendo. Ngazi hizi zilichongwa kabla hajaolewa. Nyingine zilichongwa yeye akiwa bado kigoli ng'ambo ya mlima, hajui kama kuna mahali panaitwa Masheko. Mtu alikuwa ameinama hapa kwenye jua na mvua akitayarisha mahali pa mguu wa Naetwe, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Nakijwa aliketi kwenye ngazi moja. Aligusa udongo ule kwa kiganja.

Sekiete alimpokea kwa heshima, akamwekea kigoda. Alipoulizwa, aliangalia chini.

"Mwanangu, mimi sikumsaidia mtu. Nilikuwa naitengeneza njia ya mke wangu. Kila nikichonga ngazi nilikuwa namwambia, hapa usingeteleza." Akasogea karibu na mtoto. "Na siku yenyewe nilikuwa kitandani. Usinipe jina kwa kunionea huruma."

Alisema hivyo, lakini mtoto alipokishika kidole chake, Sekiete hakukitoa.

Kwa Naetwe, Nakijwa alikaribishwa jikoni. Akautazama moto ule, akatazama na dari, ambayo sasa ilikuwa na kuni chache tu, za siku hizi. Naetwe alimwambia kwamba yeye alirithi. Bibi yake alimwagiza asiuache moto ufe, na kila akiokota kuni aweke mmoja wa mwenzake. Alipomwuliza bibi mwenzake yupi, bibi alimjibu kwamba hajafika bado.

"Nikaweka, nikaweka, hakufika mtu," alisema Naetwe. "Nikuambie ukweli, mdogo wangu. Asubuhi ile nilikuwa nimekata shauri nizishushe nipikie mwenyewe. Nimechoka kuchekwa. Ningezishusha jana yake, leo tungezungumza nini?"

Jina hakuligusia. Ila alipokuwa akimsindikiza mgeni wake, alichukua ukuni mmoja akauweka darini, kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu kupita adabu.

Bi Nambike ndiye hakuzunguka mbuyu. Alimpakata mtoto, akamwambia Nakijwa kwamba jina analitaka, tena analitaka sana. Watoto wake wote wamemtangulia kaburini, na wajukuu walioko tambarare wamepewa majina ya upande wa baba zao. Nakijwa akamwuliza kwa nini alikuwa akiita.

"Wanasema umbea. Ni kweli, naupenda," alisema Bi Nambike. "Lakini mtu akikaa peke yake sana, anafika mahali hajui kama yupo. Nilikuwa naita ili niitikiwe. Nikiitikiwa, najua nipo."

Nakijwa aliinama. Ndipo alipomwomba msamaha kwa zile asubuhi zote, kwa kumpigia sufuria kama mtu anayefukuza mbwa. Bi Nambike akamshangaa.

"Msamaha wa nini, mwanangu? Wengine wananiitikia leo, kesho wanasahau, nawaita mpaka nakauka koo. Wewe hata siku moja hukukosa. Ulikuwa na hasira, lakini uliitika. Usingekuwa unaipiga kila siku, ningejuaje kwamba imenyamaza?"

Nakijwa alirudi kwake kwa njia ile ile, mtoto amelala mgongoni. Alikwenda polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa kuliko macho yake. Alikuwa amewadhania watu hawa ni kero, na kumbe miaka yote hiyo mmoja alikuwa akimwekea sauti, mmoja akimwekea njia, mmoja akimwekea moto, na hakuna aliyekuwa akimjua. Hata hasira yake mwenyewe ilikuwa imewekwa mahali pake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Nakijwa alikuwa ameusikia msemo huo tangu utotoni, lakini siku hiyo ndipo alipouona.

Ila kuona si kuchagua. Mmoja alisaidia akitaka kusikilizwa, mmoja alisaidia akimlilia marehemu wake, mmoja alisaidia kwa kutii agizo asilolielewa. Mmoja alijua hatari na hakuweza kwenda. Mmoja hakujua na hakwenda, kazi yake ikaenda badala yake. Mmoja alikwenda, lakini alitumwa, na alipitishwa. Usiku kucha Nakijwa aliyapima haya, na kila alipomweka mmoja juu, wawili walimlemea. Watatu wote hawana wa kuwaita wakishaondoka, na mtoto ni mmoja, na tumbo la Nakijwa huenda limefungwa.

Asubuhi ya kutoa mtoto nje ilifika bila ukungu. Masheko yote ilikuwa imeamka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeamshwa. Bi Nambike hakuita. Alikaa kizingitini pake ameziba kinywa kwa upande wa khanga, ili asije akaonekana anaomba. Sekiete alikuwa njiani na jembe lake, amesimama katikati ya ngazi, hachongi. Naetwe alikuwa mlangoni pake, na moshi wa jiko lake ulipanda nyuma yake umenyooka.

Nakijwa alisimama mlangoni kwake. Kulia kwake ilining'inia ile sufuria. Huyu mwanamke ambaye hakuwahi kuliitia bonde lile neno hata moja, sasa bonde zima lilikuwa limenyamaza likimngoja. Jua likachomoza, likamgusa mtoto usoni, mtoto akafumbua macho. Nakijwa akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

Aliyenihadithia mimi alinyamaza hapa. Nilimvuta mkono, nikamwomba, akakataa katakata. Alisema jina lile si lake kuliita. Basi na mimi nimewaleta mpaka kizingitini, nawaachia mtoto mikononi. Mshikeni vizuri, shingo yake bado.

Je, wewe ungeamua vipi? Watatu wanakutazama kutoka ng'ambo ya korongo, na kila mmoja ameshafungua kinywa tayari kuitika. Ukimwita mmoja, wawili watakifumba, na majina yao yatazikwa nao. Pumzi umeshaivuta na jua linapanda.

Ita, tusikie nani ataitika.